Uhaba wa wahudumu wa afya Rwanda: Kwa nini mgonjwa wa Nyundo husubiri kipimo cha picha

Mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili hufanya kazi yake kwa dakika chache. Mgonjwa aishiye mbali na mji mkuu, hata hivyo, anaweza kungoja siku au wiki kadhaa kabla ya kuifikia, kisha akangoja tena kabla ya kuambiwa picha hiyo imeonyesha nini. Sehemu kubwa ya kungoja huko hutokana na uchache wa watu: wa kuagiza kipimo, wa kukipiga, wa kukisoma na wa kuitunza mashine yenyewe.

Nyundo iko kwenye vilima vya Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, kilomita chache kabla ya msafiri atokaye Kigali kuteremka hadi mjini Gisenyi na ufukweni mwa Ziwa Kivu. Wengi huijua kwa kanisa kuu la jimbo Katoliki na kwa shule ya sanaa iliyolea wachoraji na wachongaji wengi. Tangu mwaka 2023 huikumbuka pia kwa mto Sebeya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mwaka huo, mvua kubwa iliufanya mto huo ufurike na kuingia majumbani. Mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoathirika vibaya zaidi.

Maafa ya namna hiyo huacha majeruhi wa kichwa, kifua na mifupa, yaani watu ambao daktari hawezi kuwatibu kwa uhakika bila kuona ndani ya miili yao. Ndipo swali la vipimo vya picha linapogeuka kuwa suala la uhai. Ni vipimo gani vinapatikana karibu, vipi viko mbali, na ni nani aliyepo kuvisoma?

Ngazi za rufaa

Huduma za afya nchini Rwanda zimepangwa kama ngazi. Chini kabisa wako washauri wa afya wa vijiji, zaidi ya 50,000 nchi nzima, ambao huchaguliwa na wanakijiji wenzao na kufundishwa kutambua malaria, nimonia, utapiamlo na dalili za hatari kwa wajawazito. Juu yao ziko zahanati ndogo, kisha vituo vya afya vinavyoendeshwa hasa na wauguzi. Baada ya hapo ni hospitali za wilaya, ambako mgonjwa kwa kawaida hukutana na daktari, halafu hospitali za mikoa na za rufaa. Kileleni ziko hospitali kubwa kama CHUK na King Faisal mjini Kigali, Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda huko Kanombe, na CHUB katika Wilaya ya Huye.

Kwa mkazi wa Nyundo, ngazi hiyo huanza katika kituo cha afya cha eneo lake, hupitia Hospitali ya Gisenyi, na tatizo likizidi uwezo wa hapo huishia Kigali. Hospitali ya Gisenyi ndiyo hospitali ya umma ya wilaya, na Wilaya ya Rubavu ina wakazi zaidi ya nusu milioni. Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kilomita zisizopungua 150 za barabara ya milima yenye kona nyingi. Kwa basi ni safari ya saa tatu au zaidi.

Bima ya afya ya jamii, maarufu kama mutuelle, nayo hufuata ngazi hiyo hiyo. Kwa utaratibu uliodumu miaka mingi, mwanachama hulipa faranga 200 akifika kituo cha afya, na asilimia 10 ya gharama akitibiwa hospitali. Anayeruka ngazi bila barua ya rufaa, isipokuwa katika dharura, hujikuta akilipa gharama yote mwenyewe. Barua hiyo ni karatasi ndogo, lakini ndiyo inayofungua au kufunga mlango wa kipimo.

Vipimo vinne, mahitaji manne

Si vipimo vyote vya picha vinavyofanana, na tofauti zao hueleza kwa nini vingine hupatikana karibu na vingine huwa mbali.

Eksirei ndiyo kongwe kuliko vyote. Iligunduliwa mwaka 1895 na mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Röntgen, na hadi leo ndiyo inayoonyesha mfupa uliovunjika na kifua chenye kifua kikuu. Picha moja huchukua muda mfupi, na gharama yake ni nafuu ikilinganishwa na vipimo vikubwa.

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Haina mionzi, mashine zake nyingine hubebeka mkononi, na hutumika sana kwa wajawazito, ini, figo na moyo. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea mno ujuzi wa anayeishika. Mkono usio na mazoezi hauoni kitu hata kama mashine ni mpya.

CT ni eksirei inayomzunguka mgonjwa na kukusanya picha nyingi ambazo kompyuta huziunganisha. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa njia hiyo nchini Uingereza mwaka 1971. Waliotunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1979 ni Mwingereza Godfrey Hounsfield na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Kwa majeraha ya kichwa na kiharusi, CT haina mbadala wa karibu.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu kubwa na haina mionzi. Ndiyo bora kwa uti wa mgongo, ubongo na viungo laini. Lakini kipimo kimoja kinaweza kuchukua nusu saa au zaidi, chumba chake hujengwa kwa namna ya pekee, na bei yake ni kubwa. Nchini Rwanda, kama katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, mashine za CT na hasa za MRI zimekusanyika kwa kiasi kikubwa katika mji mkuu.

Kungoja kunatokea wapi?

Foleni ya kipimo cha picha huonekana nje ya chumba cha mashine, lakini huanza mapema zaidi. Mtu anayetaka kuielewa lazima aigawe vipande.

Kipande cha kwanza ni muda kati ya dalili ya kwanza na uamuzi wa kuagiza kipimo. Muuguzi wa kituo cha afya anayehudumia makumi ya watu kwa siku ana dakika chache kwa kila mmoja. Maumivu ya kichwa yanaweza kupewa dawa ya maumivu mara mbili au tatu kabla ya mtu kushuku kwamba kuna jambo zito.

Kipande cha pili ni rufaa na miadi. Katika hospitali ya wilaya, daktari anayeweza kuamua kwamba mgonjwa apelekwe Kigali ndiye huyo huyo anayezunguka wodini na kuitwa kwenye chumba cha upasuaji.

Kipande cha tatu ni mashine yenyewe. Mashine moja inayohudumia wilaya nyingi huwapokea kwanza wa dharura, na hilo ni sawa kabisa. Lakini kila ajali ya barabarani inayofika usiku husogeza mbele miadi ya mgonjwa aliyepangiwa asubuhi. Ikiharibika, fundi mwenye ujuzi wa vifaa vya hospitali anaweza kuwa mbali, na kipuri kikalazimika kuagizwa kutoka nje ya nchi.

Kipande cha nne ndicho kisichoonekana na wengi: kusomwa kwa picha. Anayepiga picha na anayeisoma si mtu mmoja. Wa kwanza ni mtaalamu wa kuendesha mashine. Wa pili ni daktari bingwa wa radiolojia, aliyesoma udaktari kwa miaka mitano au sita, akafanya kazi kama daktari wa kawaida, kisha akarudi chuoni kwa miaka mingine minne. Mabingwa wa namna hiyo ni wachache mno nchini, na wengi wao wako Kigali. Picha inaweza kupigwa Jumatatu na ripoti yake ikangoja siku kadhaa kwa sababu macho ya kuisoma hayatoshi.

Kipande cha mwisho ni safari ya kurudi. Mgonjwa aliyekwenda Kigali ameacha shamba, amelipa nauli, na mara nyingi ameandamana na ndugu wa kumuuguza ambaye naye anahitaji kula na kulala. Akiambiwa arudi wiki ijayo kuchukua majibu, kuna wanaoshindwa. Kwao, asilimia 10 ya gharama ya kipimo ndiyo sehemu ndogo ya mzigo.

Uhaba una historia

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliiachia Rwanda hospitali zisizo na wahudumu. Wengi waliuawa, na wengine walikimbilia nchi za nje. Taifa lililazimika kujenga upya kada ya afya karibu kutoka mwanzo. Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilianza kutoa wauguzi na wataalamu wa fani mbalimbali, zikiwemo picha za matibabu. Mwaka 2013 taasisi hiyo iliunganishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka 2012 ulianza mpango wa kitaifa uliowaleta walimu kutoka vyuo vikuu vya Marekani ili wafundishe madaktari bingwa ndani ya nchi.

Hatua hizo zilizaa matunda, lakini idadi ya watu nayo ilikua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 13. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani, WHO, limekitumia kutathmini nchi ni madaktari, wauguzi na wakunga wapatao 4.45 kwa kila watu 1,000. Rwanda ilikuwa na takriban mhudumu mmoja kwa idadi hiyo ya watu. Mwezi Machi 2023, WHO iliiongeza Rwanda kwenye orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa kiasi kwamba mataifa tajiri yanashauriwa yasiende kuwatafuta wahudumu wake kwa wingi.

Kisha ukaja mtihani mwingine. Tarehe 27 Septemba 2024 serikali ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameambukizwa na 15 wamefariki dunia, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Nchi yenye wahudumu wachache ilipoteza baadhi yao kwenye vitanda vya hospitali walizokuwa wakizihudumia.

Kuchelewa hugharimu nini

Kiharusi kinaonyesha jambo hili waziwazi. Hutokea ama kwa bonge la damu kuziba mshipa wa ubongo, au kwa mshipa kupasuka. Dalili zinaweza kufanana, lakini tiba ni kinyume: dawa ya kuyeyusha bonge inaweza kumuua mwenye mshipa uliopasuka. CT ndiyo inayotenganisha hali hizo mbili, na dawa hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mgonjwa akipooza upande mmoja akiwa Nyundo, na CT iliyo wazi ikawa Kigali, safari peke yake hula sehemu kubwa ya muda huo, kabla ya kuhesabu kusubiri gari la wagonjwa na foleni ya mapokezi.

Saratani huua polepole zaidi, lakini nayo haingoji. Utafiti uliowahusu wagonjwa wa saratani ya matiti katika hospitali mbili za vijijini nchini Rwanda, ikiwemo Butaro, ulichapishwa mwaka 2015. Ulibaini kwamba nusu ya wanawake hao walikaa miezi mitano au zaidi kati ya kufika mara ya kwanza kwa mhudumu wa afya na kupata utambuzi kamili wa ugonjwa wao. Hiyo ni mbali na miezi waliyokaa nyumbani kabla ya kwenda kutafuta tiba. Kwa ugonjwa huu, miezi ndiyo tofauti kati ya uvimbe unaoondolewa na uvimbe uliokwisha kusambaa.

Kwa mjamzito, WHO inapendekeza walau kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Hapo hujulikana umri wa mimba, kama kuna mapacha, na baadaye kama kondo la nyuma limeziba njia ya uzazi. Mama anayejua mapema kwamba kondo limekaa vibaya anaweza kupangiwa kujifungulia hospitali. Asiyejua anaweza kuanza kutokwa damu usiku, kijijini, wakati wa mvua. Rwanda imesifiwa kwa kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani tangu mwaka 2016. Mfuko wa damu unaweza kuruka juu ya milima hadi kwa mgonjwa, lakini kwa CT ni mgonjwa anayelazimika kuifuata mashine.

Mashine bila watu: funzo la majirani

Serikali nyingi hujibu malalamiko ya foleni kwa kununua mashine. Kenya ilifanya hivyo kwa kiwango kikubwa mwaka 2015, ilipoanza mpango wa kukodi vifaa vya kisasa, vikiwemo vya picha, kwa ajili ya hospitali mbili katika kila moja ya kaunti 47. Miaka mitano baadaye, kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilieleza kwamba katika baadhi ya hospitali vifaa vilikaa bila kutumika, pengine kwa kukosa wataalamu, pengine kwa kukosa umeme au vyumba vinavyofaa.

Tanzania nayo ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, uliotolewa mwaka 2021 wakati wa janga la UVIKO-19, kununua mashine za CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Hatua hiyo ilizisogeza mashine karibu na wananchi. Swali lililobaki ni lile lile: nani atasoma picha zote hizo?

Hata nchi tajiri hazijaliepuka swali hilo. Nchini Uingereza, huduma ya afya ya umma ilijiwekea lengo kwamba asilimia 99 ya wagonjwa wapate kipimo ndani ya wiki sita, na kwa miaka mingi sasa lengo hilo halijafikiwa. Nchi hiyo huziba mapengo kwa kuajiri madaktari na wauguzi kutoka nje, wakiwemo Waafrika. Kwa njia hiyo, foleni ya huko inaweza kurefusha foleni ya huku.

Rwanda inajaribu nini

Mwaka 2023 Wizara ya Afya ya Rwanda, chini ya Waziri Sabin Nsanzimana, ilizindua mageuzi yanayojulikana kama 4x4: kuongeza idadi ya wahudumu wa afya mara nne ndani ya miaka minne. Nafasi za masomo zimeongezwa, na baadhi ya hospitali za mikoani zimepandishwa hadhi kuwa za kufundishia, ili mwanafunzi ajifunze karibu na wagonjwa wa vijijini badala ya kubaki Kigali. Huko Butaro, Chuo Kikuu cha Afya kwa Wote Duniani kilianza kufundisha madaktari mwaka 2019, mbali kabisa na mji mkuu.

Njia nyingine ni kugawana kazi. Mwaka 2008 madaktari wa kawaida katika hospitali mbili za vijijini nchini Rwanda, zilizosaidiwa na shirika la Partners In Health, walifundishwa kutumia ultrasaundi. Katika wiki 10 za kwanza walipiga zaidi ya vipimo 300, na katika asilimia 43 ya wagonjwa kipimo hicho kilibadilisha mpango wa matibabu. Baadaye, wauguzi na madaktari wa Butaro walifundishwa ultrasaundi ya matiti ili kupunguza idadi ya wanawake wanaohitaji kusafiri mbali. Somo lililopatikana ni kwamba bingwa si lazima awepo katika kila chumba, mradi mwenye mashine amefundishwa vizuri na ana mtu wa kumuuliza.

Ya tatu ni kutuma picha badala ya kumtuma mgonjwa. Picha za kidijitali zinaweza kusafiri kwa intaneti hadi kwa bingwa aliye Kigali au ng'ambo, na ripoti ikarudi siku hiyo hiyo. Njia hii huhitaji mtandao imara, umeme usiokatika na makubaliano ya nani anawajibika ripoti ikikosea. Haiongezi idadi ya mabingwa, ila huwawezesha walio wachache kufika mbali zaidi.

Mgonjwa afanye nini

Wakati mageuzi hayo yanaendelea, yapo mambo yanayoweza kumpunguzia mgonjwa kungoja na hatari:

- Barua ya rufaa itunzwe pamoja na kadi ya bima, na isomwe kabla ya kuondoka. Jina, tarehe au kipimo kilichoandikwa kimakosa kinaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani.
- Picha na ripoti za zamani zibebwe. Daktari anayelinganisha ya jana na ya leo huamua haraka, na pengine kipimo kisirudiwe.
- Mgonjwa aulize mambo mawili kabla ya kutoka chumba cha kipimo: ripoti itakuwa tayari lini, na itatumwa hospitali aliyotoka au ataifuata mwenyewe?
- Mjamzito aseme mapema kabla ya eksirei au CT. Mwenye chuma mwilini au kifaa cha kusaidia moyo aseme kabla ya kuingia chumba cha MRI. Mwenye maradhi ya figo aseme kabla ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha.
- Kupooza ghafla upande mmoja, mdomo kwenda upande, kushindwa kuzungumza, kupoteza fahamu baada ya kuanguka, au mjamzito kutokwa damu ni dharura. Nambari ya gari la wagonjwa nchini Rwanda ni 912, na dharura haingoji foleni ya rufaa.
- Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017. Asiyeelewa vizuri Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza asione haya kuomba aelezwe kwa lugha anayoielewa. Maelekezo yaliyoeleweka nusu ni kipimo kilichofanyika nusu.

WHO inakadiria kwamba dunia itapungukiwa na wahudumu wa afya zaidi ya milioni 10 ifikapo mwaka 2030, na upungufu huo utakuwa mzito zaidi katika nchi maskini. Mwanafunzi anayeanza masomo ya udaktari leo, akichagua radiolojia, atakuwa tayari kusoma picha peke yake baada ya takriban miaka 10. Kwa hiyo maamuzi yanayofanywa sasa kuhusu nafasi za masomo, mishahara na nyumba za wahudumu mikoani ndiyo yatakayoamua kama mgonjwa wa Nyundo wa mwaka 2035 atasomewa picha yake Gisenyi, au ataamka alfajiri kuwahi basi la Kigali.